Pesa za wanyama ni za nani? Uzi wa historia kwa wanaobishana kila kampeni

1. UZI. Kila msimu wa siasa ukifika hapa Pwani, kuna hoja haikosi jukwaani. Mtu ashika maikrofoni asema: "Ndovu ana thamani kuliko mtoto wako! Mashirika yaomba pesa ng'ambo kwa jina la wanyama wetu, sisi hatuoni hata shilingi!" Makofi. Kesho yake mwengine ajibu: "Huyo ataka kuua utalii." Makofi tena. Halafu kura zikishahesabiwa, hoja yarudi kabatini miaka mitano.

2. Niweke wazi mapema: hapa sitataja mwanasiasa wala chama. Mimi ni mtu wa Kizingo, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisaidia vikundi vidogo vya pwani kuandika maombi ya ufadhili: kasa, mikoko, matumbawe. Kwa hivyo hii habari ya "pesa za wanyama" naijua kwa ndani kidogo. Nitakachofanya ni kueleza zilianza vipi, ili ukisikia hoja ujue uulize nini.

3. Tuanze na mji wetu wenyewe. Mombasa ilikula pesa za wanyama karne nyingi kabla shirika lolote la hisani halijazaliwa. Pembe za ndovu zilishuka kutoka bara, zikapimwa kwa frasila, zikapakiwa majahazini kwenda Bara Hindi na Arabuni. Wakati wa ukoloni serikali ilikuwa na ghala lake la pembe hapa hapa Mombasa, ambamo pembe zilizokamatwa na zilizookotwa porini ziliuzwa kwa mnada. Pesa ziliingia hazina. Mnyama alileta pesa akiwa maiti.

4. Na watu waliomwinda je? Wengi wao walikuwa Waata, wawindaji mashuhuri wa nyika ya nyuma ya pwani, waliojulikana kwa pinde nzito na sumu ya mishale. Wao ndio waliomjua ndovu kuliko mtu yeyote. Pembe walizopata waliwauzia wafanyabiashara, nao wafanyabiashara wakatajirika. Hiyo sehemu ya "mwindaji apata kidogo, mwenye duka apata kikubwa" ishike vizuri, tutairudia.

5. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikatangaza mbuga ya Tsavo. Eneo lake, Mashariki na Magharibi pamoja, ni zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Waata wakaamka siku moja ardhi yao ya kuwinda ni mbuga, na kazi ya mababu zao ni kosa la jinai. Miaka ya 1956 na 1957 ikafanywa operesheni kubwa dhidi yao. Wengi walifungwa. Kwenye vitabu vya wakati ule jina lao ni "majangili", basi.

6. Hebu tuwe waadilifu. Ndovu walikuwa wanauawa kweli, na biashara ya pembe haikuwa na breki. Bila mbuga huenda leo tusingekuwa na ndovu wa kuwabishania. Na tukifungua mfereji hapa kisiwani, sehemu ya maji yatoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi. Kwa hivyo usije ukaniambia mbuga haina faida kwa mtu wa mjini. Ninachosema ni kwamba gharama ya mwanzo ililipwa na watu fulani, na watu hao hawakuulizwa.

7. Sasa tuje kwenye mwaka wenyewe: 1961. Hapo ndipo biashara ya mnyama aliyekufa ilipopata mshindani, nayo ni pesa ya mnyama aliye hai. Mwanasayansi mmoja wa Uingereza, Julian Huxley, alikuwa amezuru Afrika Mashariki mwaka 1960. Aliporudi akaandika makala tatu kwenye gazeti la The Observer, akionya kwamba wanyama wa huku watakwisha. Wasomaji wakashtuka. Mfanyabiashara mmoja akamwandikia: msiandike tu, tafuteni pesa.

8. Mwaka uliofuata likazaliwa shirika la WWF, makao yake Uswisi. Mwezi Septemba 1961, huku kwetu, ukafanyika mkutano mkubwa wa uhifadhi Arusha, ambako kiongozi wa Tanganyika alitoa tamko la kuahidi kuwalinda wanyama, na pia akasema wazi kwamba kazi hiyo yahitaji wataalamu na pesa. Ona mpangilio: nchi yakaribia uhuru miezi michache ijayo, na tayari swali la nani atalipa liko mezani.

9. Tarehe 9 Oktoba 1961 gazeti la Daily Mirror la London likatoa toleo la kushtua. Ukurasa wa mbele: picha ya kifaru, na maneno makubwa ya kusema ameshahukumiwa kufa kwa upumbavu, tamaa na uzembe wa binadamu. Ndani wasomaji wakaombwa watume pesa. Kwa siku chache tu zikaingia zaidi ya pauni 60,000. Kwa wakati ule hizo zilikuwa pesa nyingi mno, na zilitoka kwa watu wa kawaida, wala si matajiri peke yao.

10. Hata ile nembo ya panda haikuchaguliwa kwa bahati. Waanzilishi walitaka mnyama mzuri wa sura, aliye hatarini, anayependwa na wengi, na ambaye atapendeza kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa sababu wino wa rangi ulikuwa ghali. Huo ni mpango wa masoko kamili: sura moja, ujumbe mmoja, gharama ndogo ya kuchapa. Miaka zaidi ya sitini baadaye bado twaitambua bila kusoma jina.

11. Kanuni iliyotoka hapo ndiyo inayotumika mpaka leo, na nimeiona kwenye kila fomu ya ufadhili niliyowahi kuijaza. Chagua mnyama mmoja. Mpe hatari moja. Mweleze mfadhili kiasi gani kitafanya nini. Mpe muda wa mwisho. Usimchanganye na mambo mengi. Yafanya kazi, na mtu asikudanganye kwamba haifanyi. Huruma hufungua mkoba, takwimu huja nyuma.

12. Lakini kila hadithi ya huruma ina viti vitatu: mwenye kuonewa, mwokozi, na mbaya. Mnyama akae kiti cha kwanza. Mfadhili akae cha pili, maana ndiye alipaye. Kiti cha tatu nani atakaa? Mara nyingi ni yule anayeishi karibu na mnyama. Jana alikuwa Mwata. Leo ni mfugaji, mkulima au mvuvi.

13. Hili nimeliona kwa macho. Kikundi kimoja nilichokisaidia kilipata mtu wa kututengenezea mpango wa kuchangisha. Akaja na picha: kasa amenasa wavuni, nyuma yake mkono wa mvuvi. Picha kali, ungetoa pesa papo hapo. Mzee mmoja wa kamati, mvuvi wa miaka arobaini, akaitazama sana kisha akauliza: "Na mimi kwenye picha hii ni nani, mwanangu?" Kimya. Yule kasa alikuwa ametolewa wavuni akiwa hai, na aliyemtoa ni mvuvi mwenyewe. Picha haikusema hivyo.

14. Baada ya mabishano ya jioni mbili tukakubaliana: picha ibaki, lakini iwe ya dakika inayofuata, mkono ukikata wavu. Kama wavu umekatwa, basi bei ya wavu iwe ndani ya bajeti. Wale waliosema picha mpya "haina makali" hawakuwa wajinga, walikuwa wakifikiria mshahara wa walinzi wa viota. Huu ni mvutano wa kweli. Hauishi kwa kupiga kelele jukwaani.

15. Turudi kwenye historia. Miaka ya 1970 na 1980 Kenya ilipoteza wanyama kwa kasi ya kutisha. Ndovu waliokadiriwa kuwa zaidi ya 160,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970 walibaki kama 16,000 kufikia 1989. Vifaru weusi kutoka karibu 20,000 hadi chini ya 400. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na mwaka uliofuata biashara ya nyara. Haikutosha. Magendo yaliendelea, na walinzi hawakuwa na magari wala mafuta.

16. Ndipo ukaja moto wa 18 Julai 1989. Tani 12 za pembe zilichomwa Nairobi mbele ya kamera za dunia nzima, mkuu wa nchi akiwasha mwenyewe. Wengi hawajui kwamba pembe haishiki moto kirahisi, hivyo ikabidi kutafutwa mtu mwenye ujuzi wa kuwasha moto wa filamu. Pembe zile zingeweza kuleta kama dola milioni 3. Nchi maskini ikachoma dola milioni 3. Dunia ikasimama kutazama.

17. Ilikuwa hasara? Miezi mitatu baadaye, Oktoba 1989, mkutano wa CITES uliofanyika Lausanne, Uswisi, ukapiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Miaka michache iliyofuata wafadhili wakiongozwa na Benki ya Dunia wakaahidi zaidi ya dola milioni 100 kwa mbuga na kwa shirika jipya la KWS. Kwa hesabu ya masoko, lile lilikuwa tangazo lililolipa mara nyingi kuliko mali yenyewe.

18. Kwa hivyo ukisikia jukwaani, "Tungeuza zile pembe tulizochoma 2016, tani 105, tungejenga hospitali," jua mambo mawili. Moja: kwa sheria ya CITES, Kenya haikuwa na soko halali la nje la kuziuza. Mara mbili, 1999 na 2008, nchi za kusini mwa Afrika ziliruhusiwa kuuza akiba zao kwa kibali maalumu, Kenya ilipinga. Pili: Kenya inauza sura ya nchi isiyouza pembe, na sura hiyo ndiyo inayoleta wafadhili na watalii. Unaweza kukataa mkakati huo, ni haki yako. Lakini usiseme haukuwa mkakati.

19. Upande wa pili nao una la kujibu. Ndovu wameongezeka: sensa ya 2021 ilihesabu 36,280. Ni jambo la kujivunia. Lakini ndovu wakiongezeka na mashamba yakiongezeka, mahindi huliwa na watu huuawa. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 yaahidi fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Madai yamerundikana kwa miaka, familia zimezika na kungoja. Mtu wa Taita Taveta au Kwale akisema "ndovu ana thamani kuliko mimi", usimcheke. Anazungumzia faili lake.

20. Tena angalia aina ya pesa. Mtu wa ng'ambo huweza kumlea mtoto wa ndovu yatima wa Tsavo kwa mchango wa kila mwaka, akatumiwa habari na picha zake. Mpango kama huo ni werevu mkubwa: mfadhili hatoi mara moja akasahau, hujiona mzazi. Pesa hizo zimeokoa ndovu wengi, wakarudishwa porini. Sina neno baya. Lakini jiulize, nani aliyewahi kubuni mpango wa kulea shamba lililokanyagwa? Shamba halina macho makubwa wala mkonga.

21. Hapa kwetu tuna mfano mtamu. Desemba 2004, wakati wa tsunami, mtoto wa kiboko alikwama kwenye miamba ya Malindi. Watu wakahangaika kwa nyavu na kamba mpaka wakamtoa, akapelekwa Haller Park, Bamburi, akajishikiza kwa kobe mzee. Owen na Mzee. Picha ikazunguka dunia, vitabu vya watoto vikaandikwa. Kiboko alipewa jina la mmoja wa waokoaji. Wengine wote walioshika kamba mchana ule, dunia haiwajui. Picha ina mipaka yake minne, na kila atakayeipiga huamua nani aingie.

22. Je, kuna njia nyingine? Ipo, na si mbali. Vuka Likoni, shuka mpaka Gazi, Kwale. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wana mradi uitwao Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117 za mikoko, na hewa ya kaboni inayohifadhiwa, kama tani 3,000 kwa mwaka, huuzwa kwa wanunuzi wa nje. Wataalamu wa KMFRI na vyuo vya Uingereza walisaidia hesabu. Pesa si nyingi, ni maelfu ya dola na si mamilioni. Lakini kamati ni ya kijiji, na matumizi hujadiliwa kijijini: maji, shule, kupanda miche.

23. Tofauti ni nini? Gazi hawaombi huruma, wanauza huduma. Kwenye tangazo lao mwanakijiji yuko kiti cha mlinzi, na hiyo yabadilisha mazungumzo yote. Watamu nako, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, mvuvi akinasa kasa na kupiga simu hulipwa kitu kidogo ili kasa apimwe na kurudishwa baharini. Mfadhili bado ataona kasa mzuri. Mvuvi naye ataona anahesabiwa.

24. Wala si pepo. Soko la kaboni hupanda na kushuka, na kuna maeneo watu wamelalamika kutia sahihi mikataba wasiyoielewa. Ndiyo maana sheria ya tabianchi ilirekebishwa 2023: mradi wa kaboni wa ardhini lazima uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya kutoa gharama. Maneno "baada ya kutoa gharama" yasome mara mbili. Nani anaandika hizo gharama? Huko ndiko frasila za leo zinakopimwa.

25. Na wanaosema "tuachane na wafadhili, utalii watosha", wakumbuke 2020. Korona ilipofunga viwanja vya ndege, mapato ya mbuga yalianguka, hifadhi za jamii zikahangaika kulipa walinzi. Mpango mzuri wa kuchangisha hautegemei mguu mmoja. Tiketi za watalii, wafadhili wadogo wa kila mwezi, serikali, kaboni, na ndiyo, hata harambee yetu wenyewe. Mombasa yajua kuchangia harusi, msiba na hospitali. Kasa hajawahi kuombewa mchango kwa Kiswahili, kwa heshima, na watu wa hapa wakakataa. Hawajaulizwa tu.

26. Basi, jioni ukikaa Laithaus na muhogo wako, ukitazama meli zikiingia Kilindini, na jamaa akaanza ule mjadala, mpe maswali haya. Mwulize mwanasiasa, wa upande wowote: fidia ya sheria ya 2013 utailipa kutoka fungu gani, na lini? Mapato ya mbuga unataka yagawanywe vipi, na mlinzi alipwe na nani?

27. Na shirika la hisani liulizwe: katika kila shilingi mia mlizopata, ngapi zilitumika kutafuta hizo shilingi mia? Ngapi zimefungwa na masharti ya mfadhili? Gharama za ofisi zenyewe si wizi, mhasibu naye ala. Lakini ziandikwe. Tena: watu waishio karibu na mnyama, kwenye picha zenu wako kiti gani, na kwenye kamati yenu wako wangapi?

28. Hadithi ya kwamba mashirika yote ni wezi ni rahisi. Hadithi ya kwamba kila anayelalamika ni adui wa wanyama nayo ni rahisi. Zote mbili huleta makofi, na zote huliacha faili la fidia palepale lilipo. Kama una jamaa aliyewasilisha dai la fidia na hajajibiwa, andika chini hapa ni mwaka gani na kaunti gani, bila majina. Tuyahesabu kabla ya kampeni ijayo. Mwisho wa uzi.